Baiskeli mpya, mikono inakufa ganzi: anza na kiti, stemu isubiri

Swali: Shikamoo fundi. Kaka yangu anayeishi Ujerumani amenitumia baiskeli mpya ya barabarani, saizi 52, ikiwa kwenye boksi. Fundi wa hapa Moshi ameiunga, akaniwekea kiti kwa kimo ambacho ncha za vidole zinagusa chini. Mimi nina urefu wa sentimita 166. Nikienda Himo na kurudi magoti yananiuma kwa mbele, na mkono wa kulia unakufa ganzi kidole cha mwisho na cha pete. Kiti nacho kilikuwa kinanibana, nikamwomba fundi akiinamishe pua. Ameinamisha, lakini mikono imezidi. Anasema usukani uko mbali, ninunue stemu fupi. Ninunue? Au baiskeli si saizi yangu?

Jibu:

Marahaba, dada. Stemu, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na foku, usinunue kwanza.

Fuata maelezo yako mwenyewe kwa mpangilio, utaona mikono ilizidi kulalamika mwisho. Kiti kiliwekwa chini, magoti yakauma. Kiti kikakubana, pua ikainamishwa. Pua ilipoinama mwili ukawa unateleza kwenda mbele, na cha kuuzuia usidondoke ni viganja vyako tu. Usukani haujasogea hata milimita moja tangu boksi lifunguliwe, lakini ndio unaolaumiwa. Baiskeli ya aina hii hupangwa kuanzia miguuni na makalioni. Usukani hufikiwa baadaye, kwa sababu kabla kiti hakijapata mahali pake huwezi kusema usukani uko mbali na nini.

Kuhusu saizi, 52 kwa mtu wa sentimita 166 hainitii wasiwasi. Ila ujue namba hiyo haina maana moja kila mahali: huyu mtengenezaji anapima bomba la kiti, yule anapima bomba la juu la kufikirika, mwingine ameacha namba kabisa anaandika S na M. Vipimo vinavyokubali kulinganishwa ni viwili, staki na richi, na utavikuta kwenye jedwali la mtengenezaji mtandaoni. Staki ni kimo kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mikono inayoshika pedeli) kwenda juu mpaka usawa wa mdomo wa bomba la mbele. Richi ni umbali wa kwenda mbele kati ya nukta hizohizo. Baiskeli mbili zote za 52 zinaweza kuachana richi kwa zaidi ya sentimita moja, na sentimita moja kwenye mgongo wa mtu si kitu kidogo. Lakini hilo tutalirudia tukifika kwenye usukani.

Kabla hujapima chochote, ikague kama ilivyotoka kwa fundi. Simsemi vibaya. Ni kwamba baiskeli hii imeungwa kwa mantiki tofauti na zile alizokulia nazo. Kwenye Phoenix au Avon, bolti ndefu ya juu ya usukani ndiyo inayoshika kila kitu: ukiikaza, kabari iliyoko chini yake inabana ndani ya bomba. Kwenye yako, bolti ya juu haishiki kitu. Kazi yake ni kuvuta beringi za usukani zikae bila kucheza, basi. Kinachoshika ni bolti mbili za ubavuni au nyuma ya stemu. Kwa hiyo legeza kwanza hizo mbili, kaza ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe, simama mbele uunyooshe usukani ulingane na gurudumu, ndipo ukaze zile mbili kwa kupokezana, robo mzunguko huku, robo kule. Anayeanza na za ubavuni ataikaza ya juu mpaka aue uzi wake, na usukani bado utakuwa unacheza.

Namna ya kujua: bana breki ya mbele, weka vidole viwili vya mkono mwingine pale foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) inapoingia kwenye fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tik" chini ya vidole, kuna ulegevu. Halafu inua gurudumu la mbele, uachie usukani uangukie upande. Ukigoma au ukikwaruza kama una meno, umekazwa kupita kiasi.

Bolti nyingi za stemu zimeandikwa ubavuni kiasi cha nguvu, mara nyingi Nm 5 (nyutonimita 5). Hiyo ni nguvu ndogo kuliko mkono wa fundi aliyezoea nati za gurudumu la nyuma. Akiwa na spana ya kupimia nguvu, vizuri sana. Kama hana, ashike spana ya L kwa mkono mfupi, kwa vidole vitatu, akaze mpaka ihisi imekamata, aache hapo. Na kama usukani au nguzo ya kiti (lile bomba linaloingia ndani ya fremu) ni ya kaboni, grisi isikaribie pale. Kuna dawa yake maalumu yenye chembechembe za kuongeza msuguano, inayofanya ishike bila kukazwa sana.

Tazama pia foku haijageuzwa. Inatokea zaidi ya unavyodhani, maana kwenye boksi huwa imezungushwa ili ienee. Kama una breki za diski, kikamatio cha mbele (kifaa kinachobana diski) kinapaswa kuwa upande wako wa kushoto ukiwa umepanda. Kikiwa kulia, foku inaangalia nyuma.

La mwisho kwenye ukaguzi, na hili usiliahirishe: inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana breki ya mkono wa kulia. Limesimama? Baiskeli zetu za zamani zilifuata desturi ya Kiingereza, breki ya mbele mkono wa kulia. Zinazouzwa Ujerumani kwa kawaida ni kinyume: ya mbele iko kushoto. Mtu aliyezoea kubana kushoto kwa nguvu akidhani anashika gurudumu la nyuma anaweza kurushwa juu ya usukani kwenye mteremko wa Marangu kuja Himo, na pale kuna magari. Ama fundi abadilishe nyaya (kama breki ni za mafuta ni kazi ya mtu mwenye vifaa vya kuondoa hewa), au uache zilivyo na ufanye mazoezi uwanjani mpaka mikono ijifunze upya. Mimi ningebadilisha.

Sasa kiti.

Kwanza tuliweke sawa jambo la vidole kugusa chini. Ekseli ya kranki ya baiskeli ya barabarani iko takribani sentimita 27 juu ya ardhi. Mguu unaozunguka pedeli unahitaji nafasi ya kunyooka chini ya kiti, na nafasi hiyo inahesabiwa kutoka kwenye pedeli. Ardhi haimo kwenye hesabu. Kiti kikiwa sawasawa, ukikaa juu yake hutakanyaga chini. Ukijinyoosha labda ncha ya kidole kimoja itagusa, huku baiskeli ikilala kidogo. Kwenye taa na matuta unatoka kwenye kiti, unasimama mbele yake ukiwa umekanyaga pedeli moja, mguu mwingine ndio unaoshuka. Jizoeze hilo nyumbani kwenye nyasi kabla ya kuingia barabara kuu, kwa sababu tutakipandisha kiti sana.

Pima mguu wako kwa ndani. Vua viatu, egemea ukuta, visigino vikiwa vimeachana kwa upana wa kiganja. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kipandishe katikati ya miguu mpaka kikubane kama kiti kinavyokubana, mgongo wa kitabu ukiwa umelala bapa ukutani. Mtu mwingine aweke alama ya penseli. Pima kutoka sakafuni mpaka alama, mara mbili tatu, maana watu wengi mara ya kwanza huona aibu kukipandisha kitabu inavyotakiwa na hujipunguzia sentimita nzima. Kwa kimo chako nitakisia 78. Wewe weka namba yako.

Kuna njia mbili za hesabu zinazotumika sana. Ya kwanza ilipata umaarufu miaka ya 1980 kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, na kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard: zidisha urefu wa mguu kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya ekseli ya kranki mpaka juu ya kiti. Kwa 78 ni sentimita 68.9. Ya pili inatokana na utafiti wa Waingereza Hamley na Thomas wa mwaka 1967: asilimia 109 ya urefu wa mguu, ikipimwa kutoka kwenye ekseli ya pedeli mpaka juu ya kiti, pedeli ikiwa chini kabisa. Kwa 78 ni 85. Toa kranki ya milimita 170, yaani sentimita 17, unabaki na 68. Zimepishana milimita 9. Sababu mojawapo ni kwamba ya LeMond haiulizi kranki yako ina urefu gani, na ilitungwa enzi za pedeli na viatu vilivyoinua mguu zaidi ya vya leo. Ndiyo maana wengi hupunguza milimita chache kwenye jibu lake. Anza na ile ndogo, 68.

Pima sasa kiti chako kilivyo. Nyoosha tepu kutoka katikati ya ekseli ya kranki, uifuate bomba la kiti mpaka juu. Kwa jinsi ulivyoeleza vidole kugusa chini, sitashangaa ukikuta 64 au 65. Kama ni hivyo, goti lako lilikuwa likisukuma pedeli likiwa limekunjwa sana kila mzunguko, na kwa mwendo wa mizunguko 80 kwa dakika hiyo ni karibu mara 5,000 kwa saa kwa kila mguu. Maumivu ya mbele ya goti yana sababu nyingi, lakini kiti cha chini ndicho mshukiwa wa kwanza, na kumwondoa ni bure.

Usipande sentimita zote siku moja. Misuli ya nyuma ya paja imezoea kufanya kazi ikiwa fupi. Ukiivuta ghafla utabadilisha maumivu ya mbele ya goti kwa maumivu ya nyuma yake. Pandisha sentimita moja, endesha safari mbili tatu fupi, pandisha nyingine. Ukikaribia 68, hatua ziwe za milimita 3 mpaka 5. Zungushia tepu ya umeme kwenye nguzo ya kiti kila unapofikia ili ujue ulipotoka. Nguzo yenyewe ina mstari wa mwisho uliochorwa, na mstari huo haupaswi kuonekana nje ya fremu hata siku moja.

Namba ni ya kuanzia tu. Mwili ndio unaothibitisha. Ukiwa na viatu unavyoendeshea, egemea ukuta au mtu akushikie baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli, zungusha kinyumenyume. Pedeli ikifika chini, mguu unyooke bila nyonga kushuka upande huo. Ukirudisha mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litakunjika kidogo, na hicho ndicho tunachokitaka: kati ya nyuzi 25 na 35 za mkunjo pedeli ikiwa chini. Halafu mwambie mtu aendeshe nyuma yako, aangalie kiuno chako. Kikiyumba kushoto na kulia kama mtu anayetafuta pedeli, kiti kimezidi. Shusha milimita 5. Dalili nyingine ya kuzidi ni vidole vya miguu kuelekezwa chini muda wote, na maumivu nyuma ya goti.

Kwenda mbele na nyuma: watu hutumia uzi wenye nati kama timazi. Kranki ikiwa imelala usawa, pedeli mbele, uzi ukiwekwa kwenye kile kivimbe cha mfupa chini ya kifuniko cha goti unapaswa kuangukia karibu na ekseli ya pedeli. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini sio sheria ya fizikia, na mafundi wengine huing'ang'ania mno. Mimi naamini zaidi mtihani wa mizani. Kwenye barabara iliyo tupu na tambarare, mikono ikiwa juu ya vishikio vya breki, ukikanyaga kwa nguvu ya wastani, punguza uzito mikononi mpaka viganja viguse tu. Hakuna haja ya kuachia. Ukijikuta unaanguka mbele mara moja, makalio yako yako mbele mno au pua imeinama. Rudisha kiti nyuma milimita 5, jaribu tena. Kumbuka kwamba kukirudisha nyuma ni kukiweka mbali na pedeli vilevile: kila sentimita moja nyuma, shusha kama milimita 3.

Sasa pua, ambayo ndiyo kiini cha habari yako. Irudishe usawa. Weka kitabu kigumu juu ya kiti, simu juu ya kitabu, fungua programu ya kipimausawa. Baiskeli isimame kwenye sakafu ambayo umeipima kwanza, maana veranda nyingi zina mteremko wa kutoa maji ya mvua. Sifuri ni nzuri; nyuzi 1 au 2 za kuinama zinaruhusiwa; zaidi ya 3 mikono italipa. Najua uliomba iinamishwe kwa sababu ilikubana, na hilo ni tatizo halisi ambalo wanawake wengi huambiwa wavumilie. Usivumilie. Kubanwa mbele mara nyingi kunatokana na kiti chembamba kuliko mifupa ya makalio: mifupa ikikosa pa kukaa, uzito unahamia kwenye sehemu laini. Kalia kipande cha boksi la karatasi juu ya kiti kigumu au ngazi, ukiinamia mbele kidogo kama unaendesha, kisha inuka. Utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya jingine. Viti vizuri huuzwa kwa upana tofauti, na kwa kawaida unatafuta kilicho na upana wa sentimita 2 au zaidi kuliko kipimo hicho; kama una milimita 130 kati ya mabonde, kiti cha 143 hakitakufaa vizuri kama cha 155. Chenye tundu au mfereji katikati kimewasaidia wengi. Ulaini haukuhusu: sponji nene huzama chini ya mifupa na kupanda katikati, palepale panapouma.

Hapo ndipo pesa ya stemu inapofaa kwenda, kama itaenda popote. Lakini subiri kiti hiki kikae kwenye kimo chake na usawa wake kwanza, kwa sababu kiti kilichoinama mbele hubana hata kikiwa na upana sahihi. Na vaa kaptula yenye pedi bila chupi ndani, kwani mishono ya chupi ndiyo inayokata. Ukitaka stara, vaa bukta pana juu yake, mradi isiwe ndefu ya kunasa kwenye pua ya kiti unaposimama.

Ukimaliza hayo, nadhani nusu ya ganzi itakuwa imeondoka. Tuishughulikie nusu nyingine.

Umesema kidole cha mwisho na cha pete, na umenisaidia sana kwa kutaja. Neva ya upande huo inapita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, karibu kabisa na ngozi. Ingekuwa gumba na kidole cha shahada ningetafuta kifundo cha mkono kilichopinda. Kwako natafuta kitu kinachogandamiza kitako cha kiganja. Simama pembeni mwa baiskeli uangalie vishikio vya breki: je, usukani umezungushwa vikaelekea chini? Fundi aliyeunga kutoka kwenye boksi huweza kuuacha hivyo. Legeza bolti nne za uso wa stemu, uzungushe usukani mpaka mkono wa mbele, kiganja na kishikio vifuate mstari mmoja, bila kifundo kukunjika juu wala kando. Kaza kwa msalaba, mwanya wa juu na wa chini ukiwa sawa.

Kisha nyosha vidole kwenye breki. Ukiwa umeshika juu, kidole cha shahada kinafika kwenye wenzo bila kuhamisha kiganja? Mikono mingi ya wanawake haifiki kwa jinsi baiskeli inavyotoka kiwandani, na mtu anayelazimika kusogeza kiganja mbele ili afikie breki hushinda safari nzima amegandamiza vibaya. Kuna skrubu ndogo, wakati mwingine imefichwa chini ya mpira wa kishikio au mbele yake, inayosogeza wenzo karibu. Izungushe robo robo, pande zote mbili sawa. Ukimaliza, bana kwa nguvu zote: wenzo ushike kabla haujagusa usukani. Ukigusa, fundi akaze waya au aondoe hewa kwenye mafuta kabla hujatoka nje.

Pima pia upana wa usukani, kutoka katikati ya ncha moja mpaka katikati ya nyingine. Saizi 52 nyingi huja na sentimita 40 au hata 42, huku mabega yako, kutoka mfupa hadi mfupa, yakiwa pengine 36 au 37. Upana kupita mabega huchosha shingo. Si jambo la kubadilisha leo, lakini ukiona sentimita 42, liandike.

Na upepo! Karibu kila baiskeli ya barabarani ninayoletewa imejazwa psi 100 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) au zaidi, kwa sababu ubavuni mwa tairi kuna namba kubwa na mtu ameichukulia kuwa ni agizo. Namba hiyo ni kikomo. Tairi ya milimita 28 yenye tyubu, mpandaji wa kilo 60, kwenye lami yetu yenye kokoto zilizochomoza, inataka kama psi 60 mpaka 65, ya mbele pungufu kidogo kuliko ya nyuma. Ya milimita 25 iongeze 10 au 15. Tofauti utaihisi viganjani ndani ya dakika ya kwanza. Valvu zako bila shaka ni zile nyembamba za Kifaransa. Nunua adapta ya shaba ili pampu ya gereji ikusaidie ukiishiwa njiani, lakini usimwachie kijana wa kompresa ajaze kwa kukisia.

Sasa stemu, ukiwa umeendesha wiki kadhaa kiti kikiwa kimetulia. Kaa mikono juu ya vishikio, viwiko vilegee. Ukiweza kukunja viwiko kidogo na kuongea na mwenzako bila mabega kupanda masikioni, richi inakutosha na hadithi ya stemu imeisha. Kama viwiko vimefungwa na unajivuta, anza na kisicho na gharama: chini ya stemu, au juu yake, kuna pete. Za juu zikihamishiwa chini, usukani unapanda. Stemu nyingi pia zina mwinamo wa nyuzi 6 hivi na zinaweza kugeuzwa juu chini, ukapata sentimita mbili za kimo bila kulipa. Ukibadilisha hivi, rudi kwenye mpangilio wa bolti nilioueleza juu. Hayo yakishindikana, ndipo ununue stemu fupi kwa sentimita moja. Kama iliyopo ni 100, chukua 90. Chini ya 70 usukani huanza kuwa mwepesi na wa kushtukashtuka, na mtu anayehitaji hivyo ndiye pengine mwenye fremu isiyo yake. Kwa vipimo ulivyonipa sitarajii ufike huko.

Usijilinganishe na picha za mashindano. Wale wamekunjika hivyo kwa kulipwa, na wana watu wa kuwakanda jioni. Hata miongoni mwao hakuna umbo moja: Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France mara 4 viwiko vikichomoza nje na macho yakitazama stemu, na watu wakamcheka weee mpaka wakachoka. Kranki nazo wanazibadilisha. Tadej Pogačar, aliyetwaa ubingwa wa dunia kule Kigali Septemba 2025, ana urefu wa sentimita 176 na hutumia za milimita 165. Kwa kimo chako 170 inavumilika, na 165 ingekuwa rafiki zaidi wa goti, lakini kranki ni ghali. Iache mpaka hii iliyopo ichakae, kisha upandishe kiti milimita 5 siku utakayobadilisha.

Viatu vya kubana kwenye pedeli, kama kaka yako ameviweka kwenye boksi, viache kabatini mpaka kiti kitulie. Ukivianza, kliti (vile vibao vya chini ya kiatu vinavyonasa kwenye pedeli) zikae chini ya mbele ya unyayo au nyuma yake kidogo, na kama ni za Shimano za barabarani chukua za njano, zinazoruhusu kisigino kucheza nyuzi 6. Nyekundu hazichezi kabisa. Si za goti linalouma.

Ganzi ikiendelea saa nyingi baada ya kushuka, au ukiona kidole kinakosa nguvu ya kushika kikombe, acha kuendesha uende hospitali. Vivyo hivyo kwa goti linalovimba. Hapo si kazi ya spana tena.

Ukifika 68 nitumie video ya sekunde 20. Simu iwe juu ya kiti cha mbao, kimo cha nyonga yako, ubavuni kabisa, hatua nne kutoka kwenye baiskeli. Vaa kitu cha kubana ili nione nyonga, goti na kifundo cha mguu, na ukanyage kwa nguvu unayotumia kwenda Himo, usizungushe hewani tu. Andika pembeni urefu wa mguu, kimo cha kiti, upana wa usukani, namba iliyoandikwa kwenye stemu na psi ulizojaza. Na bolti za stemu na za kiti zikazwe upya baada ya kilomita 100 za kwanza, kabla hujarekodi.